Kupanda Ndiyo Ngoma: Habari za Kuzamia Ukuta wa Matumbawe

Leo twataka kuzungumza habari za bahari. Huenda mzee mmoja huko Bariadi akacheka na kusema, "Walimu hawa wamekosa la kusema. Sisi watu wa Binza tuna ng'ombe, pamba na mtama. Bahari yatuhusu nini, nayo iko mbali nasi mwendo wa siku nzima kwa basi?" Neno lake ni la haki, walakini twamwomba atuvumilie kidogo, maana sababu tunayo.

Sababu yenyewe ni barua. Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani alikwenda pwani kutafuta kazi, akafika mpaka Pemba. Kutoka huko alituandikia kwamba amempata mtu anayetaka kumwajiri azamie baharini na mtungi wa hewa mgongoni, ili aokote majongoo ya bahari penye ukuta wa mwamba. Mafunzo hakuna, ataonyeshwa tu namna ya kuuma kinywa cha mpira na kuvuta hewa. Naye akauliza swali moja: "Mwalimu, mimi nimeogelea katika lambo letu tangu utoto, na hewa nitakuwa nayo mgongoni. Nikishikwa na hofu huko chini, si nitapanda juu upesi kama mshale, mambo yakaisha?"

Tuliwasomea swali hilo wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu. Wengi walijibu, "Naam, apande upesi." Jibu hilo lingeweza kumwua. Basi mazungumzo ya leo ndiyo jibu letu kwake, na kwa kila kijana wa kwetu atakayekwenda pwani na kuonyeshwa mtungi. Twataka aelewe jambo moja: katika kazi hii hatari kubwa haiko katika kushuka, iko katika kupanda. Lakini ili tulielewe hilo, yatupasa kushuka pamoja hatua kwa hatua.

UKUTA WENYEWE

Kati ya kisiwa cha Pemba na nchi ya bara upo mkondo wa bahari wenye kina kikubwa mno. Ziwa letu la Nyanza, ambalo mto Simiyu humwaga maji yake ndani yake, kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 hivi. Mkondo wa Pemba hufika karibu mita 800, yaani mara kumi ya ziwa. Mkondo wa Unguja sivyo ulivyo, maji yake ni machache. Zamani sana, yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu nyingi ilipokuwa imelala juu ya nchi za kaskazini, bahari ilipungua ikashuka kama mita 120. Wakati huo Unguja ilikuwa imeungana na bara, na wanyama waliweza kupita kwa miguu. Ndiyo sababu Unguja ilikuwa na chui, lakini Pemba haikuwa naye. Pemba ilibaki peke yake, imezungukwa na maji mengi.

Upande wa magharibi wa Pemba kiko kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika huko, akataka msala wa kusalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Na jina, wasema, likatoka hapo. Karibu na ufuko maji ni ya kutembea, na chini yake ni mwamba wa matumbawe. Mtu akiogelea mbele kidogo, ghafula sakafu yakoma. Mbele yake pana ukuta uliosimama kama ubavu wa jabali, ukishuka katika maji ya buluu iliyoiva mpaka jicho lisione tena. Yeyote aliyepanda majabali ya kwetu akachungulia ng'ambo ya ukingo, ajua jinsi moyo unavyoshtuka. Ila mzamiaji avukapo ukingo ule haanguki. Huelea juu ya shimo lile kama mwewe aeleavyo juu ya mbuga.

Na matumbawe ni nini? Wengi hudhani ni mawe tu, maana misikiti ya kale ya Kilwa na nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe hayo. Lakini jiwe lile lilijengwa na wanyama wadogo, wengi wao wakiwa na ukubwa wa punje ya mtama, kila mmoja ana kinywa kilichozungukwa na mikono myembamba. Mnyama huyo huchukua chokaa iliyomo katika maji ya bahari, akajijengea kikombe cha kukalia. Akifa, kikombe hubaki, na mwingine hujenga juu yake. Tena ndani ya mwili wake hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo humlisha kwa nguvu ya nuru ya jua. Kwa hiyo matumbawe yanayojenga miamba hupenda maji yenye nuru. Yale ya mviringo, makubwa kama mawe ya kusagia na kupita hapo, hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Basi bonge moja lenye kimo cha mtu lilianza kujengwa kabla mababu wa babu zetu hawajajua kulima pamba.

UZITO WA MAJI

Akina mama wanajua vema uzito wa debe la maji kichwani: ni kilo 20 hivi. Sasa na tupige hesabu. Mtu akizama mita 10, maji yaliyo juu ya sehemu ya mwili wake yenye ukubwa wa kiganja, tuseme sentimita 10 kwa 10, yana uzito wa kilo 100, yaani madebe matano. Akizama mita 30 yatakuwa madebe 15 kwa kila kiganja cha mwili. Mtu atauliza, mbona hasagwi kama karanga? Jawabu ni kwamba nyama, damu na mifupa havibonyei, kama vile maji yasivyobonyea. Kinachobonyea ni hewa peke yake, nayo imo katika mapafu, masikio, na matundu ya uso.

Wanafunzi waweza kulijaribu hili nyumbani. Chukua kikombe, shindilia karatasi kavu ndani yake mpaka kwenye tako, kisha ukipindue na kukididimiza wima katika ndoo ya maji. Ukikitoa, karatasi ni kavu. Hewa imekaa ndani ya kikombe ikayazuia maji. Lakini kikombe hicho hicho kikishushwa baharini mita 10, maji yatapanda ndani yake mpaka nusu, maana hewa imebanwa ikawa nusu ya ile ya kwanza.

Kwa nini iwe nusu hasa? Kwa sababu hewa iliyo juu ya nchi nayo ina uzito, ijapokuwa sisi hatuusikii, kwa kuwa tumezaliwa ndani yake. Pale ufukoni uzito huo ni sawa na wa maji ya mita 10. Tukiuita mgandamizo wa juu ya bahari moja, basi kwenye mita 10 mgandamizo ni mbili, kwenye mita 20 ni tatu, na kwenye mita 30 ni nne. Mwaka 1662 Mwingereza Robert Boyle alieleza kanuni yake: mgandamizo ukiwa mara mbili, hewa hupungua ikawa nusu, ukiwa mara nne, hewa hubaki robo. Na ukipungua, hewa hurudi kutanuka kwa kadiri ile ile. Wasikilizaji, likumbukeni neno hilo la mwisho, maana tutalirudia.

Jambo la kwanza ambalo mzamiaji hulisikia ni maumivu ya masikio, nayo huanza katika mita mbili tu. Dawa yake ni kubana pua kwa vidole na kupuliza taratibu, mpaka hewa iingie masikioni kwa ndani na kusawazisha. Mwenye mafua asizamie siku hiyo, maana njia zimeziba.

MTUNGI NA HESABU YAKE

Watu wa pwani wamepiga mbizi tangu zamani kwa pumzi moja. Mtu huyo huvuta hewa juu, huenda nayo chini, nayo hubanwa. Apandapo, hewa ile ile hurudi kuwa kadiri yake ya kwanza. Mapafu yake hayawezi kupasuka kwa njia hiyo, kwa kuwa hakuongeza kitu huko chini.

Mwenye mtungi hali yake ni nyingine. Mwaka 1943, katika nchi ya Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa cha kumpa mtu hewa kutoka katika mtungi kila avutapo pumzi, nacho humpa hewa yenye mgandamizo sawasawa na ule wa maji yanayomzunguka. Bila hivyo kifua kisingeweza kutanuka chini ya madebe yale yote. Pamoja na mtungi huvaa miwani ya kuzamia, mapezi ya mpira miguuni, nguo ya mpira ya kuzuia baridi, mkanda wa vipande vya risasi ili azame, na koti ambalo huweza kutiwa hewa au kutolewa hewa, ili asizame mno wala asipande bila kutaka.

Sasa hesabu, na wanafunzi washike kalamu. Mtungi wa lita 12 hushindiliwa hewa mara 200, kwa hiyo una lita 2,400. Mtu aliyetulia huvuta kama lita 20 kwa dakika. Juu ya maji hewa hiyo ingemtosha dakika 120. Lakini kwenye mita 30 kila pumzi yabeba hewa mara nne, maana imebanwa. Hutumia lita 80 kwa dakika, na mtungi ule ule wakwisha kwa dakika 30. Na hapo hatujamwekea akiba ya kupandia, wala hatujahesabu hofu, ambayo humfanya mtu ahemee mara mbili. Haya, kwenye mita 20 mtungi utadumu dakika ngapi? Atakayepata 40 amepata.

YANAYOONEKANA UKUTANI

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyeinama huko huona mengi. Katika mita za kwanza nuru ni nyingi, na samaki ni wa kila rangi. Hapo utamsikia pono akiyauma matumbawe kwa mdomo wake mgumu kama wa kasuku, kwa sauti kama ya mtu anayetafuna mifupa. Huyasaga, akala mimea iliyomo, na chokaa iliyobaki huitoa nyuma yake ikiwa mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa fuko zile imepitia tumboni mwa samaki huyo.

Ashukapo zaidi, rangi hupungua moja moja. Nyekundu ndiyo hufa kwanza, kwa kuwa maji huimeza nuru yake; hata mzamiaji akijikwaruza kidole kwenye mita 30, damu yake huiona kama ya kijani. Akiwasha taa, mara ukuta uliokuwa wa kijivu wawaka rangi nyekundu na ya machungwa. Huko kuna sifongo wakubwa kama vinu, na matumbawe mapana membamba kama nyungo, yamejitandaza kuukabili mkondo ili yachuje chakula. Chewa hukaa pangoni, na mkunga huchungulia kutoka katika ufa wake. Ukigeuza uso kuelekea bahari kuu, waweza kuona kundi la kolekole likipita, au kasa anayepanda juu kuvuta pumzi.

Na chini zaidi, mahali ambapo mzamiaji wa kawaida hafiki kabisa, yuko silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ukoo wake ulitoweka zamani sana, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika ya Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga nao wamewapata katika nyavu zao za kina kirefu.

Ni wazamiaji pia walioleta habari za msiba. Mwaka 1998 maji ya bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Ile mimea midogo iliwatoka wanyama wa matumbawe, matumbawe yakapauka yakawa meupe kama mifupa, na mengi yakafa, huko Misali na penginepo katika pwani yetu. Mwaka huo huo Misali iliwekwa chini ya ulinzi, na sehemu ya maji yake ikaachwa isivuliwe.

HATARI ZA KUKOSA SAKAFU

Ukuta una hatari mbili zake mwenyewe. Ya kwanza ni kwamba hauna mahali pa kusimama. Katika lambo, mtu akizama atakanyaga tope. Hapa hakuna tope. Tena kadiri mtu ashukavyo, nguo yake ya mpira hubanwa, naye huzidi kuwa mzito. Asipotia hewa kidogo katika koti lake, huzidi kuzama huku macho yake yakitazama samaki. Kwa sababu hiyo aliyefundishwa hutazama saa yake ya kina mara kwa mara, kama mchungaji ahesabuvyo ng'ombe.

Ya pili ni ulevi. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, 78 ni naitrojeni, nayo hapa juu haitudhuru wala hatuitumii. Lakini ikibanwa, kuanzia mita 30 hivi, huweza kumlevya mtu. Huona raha, hucheka peke yake, husahau kutazama mtungi, na kama mlevi yeyote hukana kuwa amelewa. Dawa yake ni rahisi: apande mita chache taratibu, na akili itarudi. Hii ni sababu mojawapo ya wanaoanza kufundishwa kutopita mita 18, na hata wenye mafunzo zaidi, wanaozamia kwa kujifurahisha, kutopita mita 40.

KUPANDA

Sasa tumefika kwenye swali la kijana wetu. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Baharini methali hiyo hupinduka: kushuka ni rahisi, kupanda ndiyo ngoma.

Jambo la kwanza ni pumzi. Watoto wa wafugaji hupuliza kibofu cha mbuzi wakafanya mpira. Tuseme kibofu kimejazwa hewa sawasawa huko chini kwenye mita 10, kikafungwa, kisha kikaachwa kipande. Kifikapo juu, hewa iliyomo yataka nafasi mara mbili. Kibofu kitapasuka. Sasa badala ya kibofu weka mapafu ya mtu aliyevuta hewa ya mtungi, akaziba koo kwa hofu, akapanda kama mshale. Mapafu huchanika, na hewa huingia katika damu, ikaenda mpaka kwenye ubongo. Na angalieni, sehemu ya hatari kuliko zote ni ile ya karibu na juu. Kutoka mita 30 hadi 20 hewa huongezeka kwa theluthi moja tu. Kutoka mita 10 hadi juu huongezeka mara mbili. Ndipo mtu aonapo nuru ya jua, akadhani amekwisha kuokoka. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya wazamiaji wote ni hii: usizuie pumzi kamwe. Vuta, toa, vuta, toa, tangu mwanzo hata mwisho.

Jambo la pili halionekani mara moja. Chukueni chupa ya soda. Kabla ya kufunguliwa, hamwoni povu lolote ndani yake, ingawa hewa imo, imeyeyuka kwa kuwa imebanwa. Fungueni kwa ghafula, na povu lafurika mpaka mezani. Fungueni kidogo kidogo, na hewa hutoka taratibu pasipo kumwagika kitu. Mwili wa mzamiaji ni chupa hiyo. Akiwa chini, naitrojeni huyeyuka katika damu, mafuta na mishipa yake, nayo huzidi kadiri anavyokaa na kadiri anavyozidi kushuka. Akipanda taratibu, hutoka kwa pumzi. Akipanda ghafula, hufanya mapovu ndani ya mwili. Viungo huuma sana, ngozi huwasha, miguu hufa ganzi. Mwingine hushindwa kukojoa, mwingine hupooza, mwingine hufa. Na taabu hizi huweza kuanza baada ya saa kadhaa, mtu akiwa amekwisha kula na kulala.

MBUZI WA BWANA HALDANE

Maradhi hayo yaliwapata pia wajenzi wa madaraja. Katika karne ya 19, kule Ulaya na Marekani, watu walichimba misingi chini ya mito wakiwa ndani ya vyumba vilivyoshindiliwa hewa ili maji yasiingie. Walifanya kazi vizuri, wakatoka, kisha wakaanguka kwa maumivu. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alionyesha kuwa mwenye kosa ni naitrojeni inayofanya mapovu katika damu.

Kisha akaja John Scott Haldane, mtaalamu wa mambo ya pumzi, aliyeombwa na Jeshi la Maji la Uingereza atafute njia ya kuwapandisha wazamiaji salama. Naye alitumia mbuzi. Aliwatia katika chumba cha chuma, akashindilia hewa, kisha akaipunguza, mara kwa ghafula, mara kwa hatua. Wafugaji wenzetu watamwelewa upesi, maana mbuzi hawezi kusema, lakini huonyesha. Mbuzi aliyepatwa na maradhi aliinua mguu mmoja wa mbele, asitake kuukanyagia. Kwa kuwatazama hivyo, Haldane aliona kuwa mgandamizo waweza kupunguzwa mpaka nusu pasipo madhara makubwa, lakini baada ya hapo sharti mtu angoje, kisha apunguze tena. Mwaka 1906 maofisa wawili, Damant na Catto, waliijaribu njia hiyo baharini huko Uskoti, wakashuka futi 210 na kurudi wazima. Mwaka 1908 jedwali za Haldane zilichapishwa, na tangu hapo wazamiaji wamepanda kwa hatua. Jedwali za sasa zimesahihishwa mara nyingi, lakini mzizi wake ni mbuzi wale.

SHERIA ZA KUSHIKA

Basi mzamiaji aliyefundishwa hufanya hivi. Hazamii peke yake. Mwenzake huwa karibu, naye ana kinywa cha pili cha kumpa hewa ikimwishia. Huanza kupanda mtungi ukiwa bado na akiba. Hupanda polepole, mita 9 kwa dakika au pungufu, asiyapite mapovu yake madogo. Afikapo mita 5 husimama hapo dakika tatu, hata kama ajiona mzima kabisa. Akishikwa na hofu husimama kwanza, huvuta pumzi ndefu, humtazama mwenzake, kisha ndipo huamua.

Mtu akipatwa na maumivu au ganzi baada ya kuzamia, alazwe, apewe oksijeni safi ikiwapo, na apelekwe upesi kwa waganga wenye chumba cha kushindilia hewa, ambamo hurudishwa katika mgandamizo na kutolewa taratibu. Vyumba hivyo ni vichache katika pwani yetu. Wengine hujaribu kumrudisha mgonjwa baharini ili apone. Wasifanye hivyo, maana huweza kumwua.

Tena liko jambo moja litupasalo sisi watu wa nyanda za juu. Ziwa letu limelala mita 1,134 juu ya bahari, na nchi ya Binza iko juu zaidi ya ziwa. Huku hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na ndani ya ndege inayopita juu ni nyepesi zaidi. Mtu aliyezamia asubuhi, kisha jioni akapanda ndege kurudi Mwanza, ni kama aliyepanda kutoka baharini bila kusimama. Yafaa angoje saa 18 au zaidi. Hata njia ya nyumbani, wasikilizaji, ni sehemu ya kupanda.

MWISHO WA BARUA

Haya yote tulimwandikia kijana wetu, hesabu kwa hesabu, tukamwomba arudishe mtungi. Jibu lilichelewa, nasi tulikuwa na wasiwasi. Lilipofika alisema amekataa kazi ile, na kwamba mwenzake waliyekaa chumba kimoja aliikubali. Siku ya nne mwenzake aliishiwa hewa, akapanda kwa haraka. Jioni alilalamika magoti, na asubuhi hakuweza kusimama. Wakati barua ilipoandikwa alikuwa akitembea kwa fimbo, naye hajatimiza miaka 25.

Kijana wetu sasa anafanya kazi katika mashua ya watalii, akibeba mitungi na kujifunza kidogo kidogo kwa mwalimu mwenye cheti. Hajafika ukutani bado. Asema wamemfundisha kwanza katika maji ya kifuani, siku nyingi, jambo moja tu: kutoa pumzi huku akipanda.

Wanafunzi, msisahau kulijaribu lile la kikombe na karatasi, na hesabu ya mtungi kwenye mita 10 mwifanye wenyewe. Na ninyi wazazi wenye vijana pwani, waandikieni mwaulize kazi wanayoifanya. Kwaherini.